Jogoo Aliyepewa Chumba

Mume wa fundi cherehani alistaafu kazi ya kugonga mihuri akiwa hajawahi kumsimamia hata paka, lakini mtaa mzima ulimwita Meneja kwa kumdhihaki, naye akaitika. Alipokosa watu wa kuwaamrisha, akanunua jogoo.

Jogoo mwenyewe alikuwa mweupe pe, kifua mbele, akili hana. Meneja alishikilia kwamba mbegu bora haichanganywi ovyo, kwamba jogoo akilala na mitetea nguvu zinaishia hewani. Basi akamtafutia makazi ya peke yake. Wapi? Katika chumba cha kushonea cha mke wake. Cherehani ikasukumwa ukumbini, karibu na mlango wa kutokea uani, na meza ya kukatia nguo ikawa kitanda cha Mheshimiwa. Hata pazia aliachiwa, asije akapigwa na jua. Fundi akaifuata huko, akaendelea kushona. Alikwishachoka kubishana na debe tupu.

Kila Jumapili alasiri Meneja alimbeba jogoo wake kama kitoto kichanga, akamtua uani kati ya mitetea. Jogoo alikitazama kivuli chake, akadonoa punje mbili tatu, akarudishwa chumbani. Hiyo ndiyo ndoa yenyewe.

Mtetea mmoja alipoanza kuatamia, fundi akasema, "Baba watoto, tuwekeane ahadi. Vifaranga wakifanana na jogoo wako, abaki na chumba changu mpaka nife. Wasipofanana naye, cherehani inarudi."

"Wafanane na nani mwingine?" Meneja akacheka, akamwita shemeji yake, kaka wa fundi, awe shahidi.

Siku ya kuanguliwa, Meneja alipiga magoti mbele ya kiota. Vifaranga wote walitoka na shingo nyekundu, tupu, bila hata unyoya mmoja.

"Ni utitiri huu," akasema. "Watapona."

"Shemeji," kaka wa fundi akamjibu, "hao ni vishingo. Kama yule." Akanyoosha kidole. Jogoo wa jirani, shingo tupu kama kidole gumba, alikuwa ametua uani kutoka ukutani, wala hakuwa na haraka.

Meneja akamgeukia mkewe. "Ulijua?"

"Namwona kila asubuhi nikishona."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na ni wewe uliyenihamishia ukumbini, baba. Kule chumbani nisingeona kitu."

Meneja alikwangua kinyesi chumbani kwa mikono yake, fundi akiwa mlangoni anamwonyesha pembe alizozisahau. Jogoo mweupe akashushwa uani akaishi na wenzake. Kabla jua halijazama, kishingo alikwishamkimbiza uani kote, na huyo mweupe akarukia begani kwa Meneja na kugoma kushuka. Wakasimama hivyo wawili hao, vifua mbele, wakisikiliza cherehani.