Gunia la Johnny

Wifi yangu Lorena ni mwoga, na sisemi kwa kumsengenya, maana hata yeye anakubali. Anaogopa basi la shule, anaogopa mafua ya madarasani, anaogopa maneno ambayo watoto wa watu wangewafundisha wanawe. Ndiyo maana Hattie na Opal wanasomea mezani jikoni, hapa hapa Ohio, Marekani, na mwalimu ni mama yao. Mimi ni dada wa mumewe, naishi ng'ambo ya barabara, kwa hiyo masomo yote nayasikia nitake nisitake.

Mwisho wa Septemba huwa ni zamu ya Johnny wa Mbegu, yule mzee wa zamani aliyezunguka nchi hii pekupeku akiotesha mitufaha kabla walowezi hawajafika. Lorena hafundishi nusunusu. Alikata tufaha katikati awaonyeshe mbegu zilivyojipanga kama nyota, akapika mengine na mdalasini, akamshonea kila binti kanzu ya gunia na kumvika sufuria kichwani, kama Johnny anavyochorwa.

"Waambie na ukweli kwamba matufaha yake yalikuwa makali hayaliki," nikamchokoza. "Yalikuwa ya kukamulia pombe."

"Wifi! Watoto wanasikia!"

"Shangazi, pombe gani?" Hattie akadakia.

"Kula, mama. Kula," Lorena akamkatiza.

Tukacheka sana. Kaka yangu Dwight naye akapita akicheka, uso kaupaka masizi, upinde begani. Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde ulikuwa umefunguliwa siku ile, na siku hiyo Dwight haendi kazini hata dunia ipinduke.

"Leo namvizia yule dume pale kwenye mtufaha wa porini," alisema. "Simu nimezima, msinitafute." Akaenda zake, nyuma ya shamba la mahindi, kwenye kiti chake cha juu ya mti.

Jua lilipokaribia kuzama nilirudi kuchukua bakuli langu. Lorena alikuwa ndiyo kwanza anaingia na kapu la nguo alizoanua. Mezani alikuwepo Hattie peke yake, anapaka rangi picha yake.

"Mdogo wako yuko wapi?" Lorena akauliza.

"Ameenda kutafuta mbegu." Hata macho hakuinua. "Si ulisema Johnny hakununua dukani? Ameenda kwenye ule mti wa porini."

Sufuria ya Opal ilikuwa hapo kwenye kiti. Ilikuwa inamuumiza masikio, kaivua. Gunia hakulivua.

Nyie! Kapu lilimdondoka. Novemba, msimu wa bunduki, watoto wale hawavuki kizingiti bila fulana ya rangi ya chungwa ili wawindaji wawaone, na Lorena mwenyewe ndiye anayewafunga vifungo. Lakini msimu wa upinde hakuna avaaye chungwa hapa kwetu, na hakuna aliyewaza. Sasa mtoto wa miaka sita, ndani ya kitambaa cha rangi ya kulungu, ameinama chini ya mtufaha kwenye magugu yanayomzidi kimo, saa ambayo kulungu hutoka kula. Na juu yake baba yake, kashika upinde.

Tulikimbia katikati ya mahindi, majani makavu yanatukata usoni. Lorena alifungua mdomo amuite mtoto, sauti ikagoma kutoka.

"Wifi, ita wewe! Ita! Mimi siwezi!"

"Opaaal! Dwight, usipige! Ni mtoto!" Nilipiga kelele mpaka koo likawaka, lakini upepo ulitujia usoni, ukazirudisha kelele zangu nyumbani. Niliogopa jamani. Niliogopa kufika na niliogopa kuchelewa. Kila mara jani lilipovunjika nilidhani ni kamba ya upinde.

"Mungu wangu, nimemshonea mwenyewe," Lorena alikuwa akisema huku anakimbia. "Kwa mikono yangu. Nimemshonea mwenyewe."

Tulipotokeza ukingoni mwa mahindi ndipo sauti yake ikatoka, na sijawahi kusikia mtu akilia namna ile. Ndege wote wa msituni waliruka.

Juu ya mti kitu kikasogea. "Nyie wanawake mmerukwa na akili?" Ilikuwa sauti ya Dwight, ya chini na ya hasira. "Yule dume yuko hapo hapo kwenye magugu anakula matufaha! Nimeshavuta kamba, nangoja ageuze ubavu tu, mnakuja kunipayukia!"

Lorena akanipita mbio. Alijitosa kwenye magugu akiyafyeka kwa mikono, na mbele yake magugu yakatikisika, Opal akasimama. Alikuwa amekunja pindo la gunia, ndani yake kajaza matufaha yaliyooza, na uso umemng'aa kwa furaha.

"Baba!" akaita, anatazama juu. "Kumbe upo! Nimepata mengi!"

Lorena alikwisha kumkumbatia mtoto, wameketi chini wote wawili kwenye matope, matufaha yamemwagika. Mimi nilibaki chini ya mti nikimngoja kaka yangu ashuke, na hakushuka.

"Dada," akaniita mwishowe, kwa sauti ndogo. "Njoo uniondolee huu upinde. Mkono hautaki kuachia."

Nikapanda ngazi ya kile kiti chake, nikamfungua kidole kimoja kimoja.