Mababu Waliopakwa Vanishi

Fundi seremala akianza kupaka kabati vanishi jirani na kwangu, mimi hufunga madirisha hata jua likiwa kali. Wanangu hudhani harufu ile hunidhuru kifua. Ni kichefuchefu tu, na nilikipata Same, miaka ya vijiji vya Ujamaa, siku ya maonyesho ya wilaya.

Wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, nafundisha darasa la watu wazima kwetu Myamba. Baba alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Dada yake, shangazi yangu, alikuwa mjane aliyebatizwa kama sisi sote, ila yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado akienda mpungi, msitu wa tambiko wa ukoo wetu. Humo mlikuwa na pango, na pangoni mafuvu ya mababu, kila moja ndani ya chungu chake. Wapare wa zamani waliwatunza wakuu wao hivyo: mtu alizikwa, muda ukapita, kichwa chake kikafukuliwa na kupelekwa kukaa na wenzake. Shangazi alijua kila chungu ni cha nani. Niliwahi kumsindikiza hadi ukingoni mwa msitu, nikamsikia akizungumza humo ndani kwa Chasu, lugha yetu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekwenda kuwajulia hali wagonjwa.

Akaja afisa utamaduni. Alifikia kwetu, akala kuku wetu, akachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti na kuipangusa kwenye kitambaa cha meza alichokidarizi mama.

"Mzee," akamwambia baba, "mkoloni alitufanya tuionee haya asili yetu. Sasa tuko huru. Tutaionyesha."

Asubuhi baba alimpeleka pangoni, bila kumwambia dada yake. Aliporudi alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kama aliyetoka kuchinja.

Shangazi alivikuta vyungu vimevunjwa. Alikuja nyumbani na kigae kimoja mkononi. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Wako wapi?" akamuuliza baba.

"Wamekwenda Same, kwenye maonyesho. Ni heshima kwa kabila letu."

"Wamekwendaje?"

"Kwa gunia," baba akasema, akitazama pembeni. "Lilikuwa gunia safi."

Nilimtazama baba yangu nikaona kinyaa. Sijui neno jingine.

Tuliteremka sote watatu kwa lori la ushirika. Baba alipanda bila kuambiwa na mtu, amevaa koti lake la kanisani. Uwanjani Same kulikuwa na vumbi, ngoma, na moshi wa nyama. Tuliwakuta mababu kwenye banda la asili yetu, katikati ya maboga makubwa na mafungu ya katani. Walikuwa wanang'aa. Afisa alikuwa amewapaka vanishi ili wapendeze, na ilikuwa haijakauka vizuri. Nzi walikuwa wamenasa kwenye paji la uso la mmoja wao. Mwingine alikuwa amechomekwa sigara kwenye meno. Watu walikuwa wakipita, wakicheka, wakimgusa.

"Hivi hawa ni nyani?" akauliza kijana mmoja.

Afisa alikuwa anatafuna mshikaki. Aliinua fuvu moja kwa mkono uleule wenye mafuta, akaingiza kidole kwenye tundu la jicho ili lisimponyoke, akaanza kueleza. Sikuyasikia maelezo. Nilizunguka nyuma ya banda nikatapika.

Niliporudi, shangazi alikuwa ametandika kanga yake chini na amekwisha kulaza juu yake mafuvu mawili.

"Mama, acha! Hii ni mali ya taifa!" afisa alifoka.

Baba ndiye aliyesogea. Alivua koti lake la kanisani, akamnyang'anya afisa fuvu alilokuwa ameshika, akalifunika. Kisha akaichomoa ile sigara, akamtumbukizia afisa kwenye mfuko wa shati.

"Nilikupa mimi," akasema, "na ninawachukua mimi. Ita polisi ukitaka."

Hakuita. Mgeni rasmi alikuwa anakaribia, na afisa hakutaka aibu. Akayasukuma maboga kuziba pengo mezani.

Kesho yake, tukiwa tumerudi Myamba, tulikaa mferejini kutwa nzima, mimi na shangazi, tukisugua kwa majivu na mchanga. Vanishi ilitoka kwa mabaka tu, ikaacha kitu kama ngozi iliyoungua. Mikono yangu ilinuka hata nilipoipeleka kinywani kula makande, nikaacha kula. Shangazi aliwageuza mmoja mmoja kwenye mwanga, akijaribu kuwatambua.

"Huyu ni nani?" nilimuuliza.

"Sijui tena," alisema. "Niliwajua kwa vyungu vyao."

Jioni tuliwarudisha pangoni, tukawapanga juu ya mawe matupu. Shangazi aliita majina yote, akiwatazama wote kwa pamoja, kwa kuwa hakujua amtazame nani. Baba alibaki njiani na koti lake limekunjwa mkononi. Tulipotoka alimwambia dada yake, "Nitafinyangisha vyungu vipya."

"Utavifinyangisha," shangazi alisema. "Halafu utamweka nani ndani ya kipi?"

Tulirudi nyumbani, kila mmoja akitembea mbali na mwenzake.