Mistari ya Nyota

Barua ilinikuta nyumbani Kiuu, mtoto akiwa na wiki tatu: nirudi kazini Jumatatu. Likizo ya uzazi ilikuwa miezi miwili! Nikahesabu kwa vidole, nikarudia, kisha nikamfunga mtoto shali nikaenda Thika nikiwa moto kwa hasira.

Kiwanda kilikuwa cha nyuzi, na mimi mchapaji. Fundi wa kompyuta aliandika programu zake kwa kalamu, mimi nikizichapa kwenye mashine. Sikuzielewa, lakini macho nilikuwa nayo. Mistari mingine ilianza na alama ya nyota, halafu maneno ya kawaida tu. Siku moja nikamwuliza nyota ni ya nini.

"Mashine ikiona nyota inaruka. Hapo ni sisi watu tunaongea."

Kumbe mkaguzi wake, mzee wa kutoka Nairobi, aliandika makosa aliyoyaona humo humo ndani ya programu, yasije yakapotea na karatasi. Ilinifurahisha sana. Watu wanasemana ndani ya mashine, na yenyewe haijui!

Basi siku hiyo ya barua nilimkuta fundi anakunywa chai.

"Nifungulie ile programu inayotoa barua za likizo."

"Mama, si uone meneja kwanza?"

"Fungua."

Tukashuka nayo pole pole mpaka kwenye nyota. Mkaguzi ameandika: likizo inahesabiwa tangu fomu iletwe, ni kosa, ihesabiwe tangu kujifungua. Chini yake nyota nyingine, ya fundi: sawa, nitarekebisha.

Fomu yangu niliipeleka wiki tano kabla ya kujifungua, vile tulivyoambiwa. Tano na tatu, mashine ikaona miezi miwili imekwisha.

"Si uliandika utarekebisha?"

"Nilisahau. Hizo nyota, mashine haisomi."

"Najua haisomi. Na wewe?"

Akanitazama. "Na wewe uliyezichapa?"

Aki, hiyo iliniingia. Nilizichapa kweli, kabla hata ya mimba, pengine nikiwaza chakula cha mchana.

Lakini sikuondoka. Nikavuta kiti karibu na printa, mtoto akalia, nikamnyonyesha hapo hapo. Fundi akageukia skrini haraka. Alibadilisha mstari mmoja. Mmoja tu! Printa ikakwaruza, ikatoa barua mpya yenye wiki zangu tano.

Akataka kufuta zile nyota.

"Ziache," nikamwambia. "Sogea."

Mtoto kwenye mkono mmoja, kwa ule mwingine nikachapa nyota yangu chini ya yake: imerekebishwa leo, mama akiwa amekaa hapa.