Alphonse hakuniweka chini

Mbele ya vita kufika Baraka, Alphonse alikuwa mubebaji wa kipoyi. Mutu akigonjwa kule milima ya Fizi, ao uzazi ikikatalia mama, balikuwa banaita Alphonse na benzake batatu, banalalisha mugonjwa juu ya kile kitanda ya mianzi, banamubeba mabegani paka lopitali ya Baraka. Nguvu yake, musiniulize. Siku moja alivusha bibi ya chefu wa kijiji ku Mutambala, muto imejaa, na kitanda, na blanketi, na kuku ilikuwa imejificha chini ya blanketi. Balipofika ngambo kuku ilikuwa imetaga, na yai haikupasuka. Nyinyi mucheke, lakini ile yai mi mwenyewe niliikula.

Babebaji wa kipoyi bana sheria moja: mugonjwa hagusi udongo njiani. Bakichoka, banabadilisha bega bakitembea. Bakitaka kunywa maji, banatundika kipoyi juu ya mapanda ya miti. Bazee banasema udongo ikisha kuonja mutu, itamuita. Alphonse alishika ile sheria kuliko padiri anashika amri kumi. Mi nilikuwa ninamucheka: kama ni vile, sisi bote tunalala chini ku mukeka tulishakufa zamani.

Kisha vita ikatushukia. Basoda bakaanza kukamata bavulana barabarani juu ya kubeba mizigo yao: masanduku ya risasi, sufuria, magodoro, hata mbuzi ya kuiba, yenye iko na miguu ine, balibebesha batu. Unatoka kutafuta chumvi, unajikuta njia ya Minembwe na sanduku ku kichwa. Njo balikamata Henri, mudogo wake Alphonse. Kule juu akashikwa na kuhara, hakuweza tena kutembea. Benye balitoroka balitueleza: basoda balimutoa muzigo, balimuweka chini pembeni ya njia, bakaendelea. Hakuna mwenye alirudi kumuangalia.

Tangu pale Riziki, bibi ya Alphonse, hakutulia. Gari ikisikilika, anasukuma bwana yake apite mulango ya nyuma, aende ajifiche katika mihogo. Njo habari ikatembea sokoni: bakubwa benye balikuwa banashika muji banatafuta bavulana ba polisi ya pekee, bale ba kuvaa nguo nyeusi na kukimbilia fasi ya hatari. Mwenye atapita mazoezi atapewa kazi na karatasi, na ukiwa na ile karatasi hakuna soda atakubebesha muzigo. Riziki akaambia bwana yake kama haendi, yeye ataazima suruali aende. Alphonse hakupendaka bunduki. Lakini aliangalia tumbo ya bibi yake, mimba imeshakuwa kubwa, akaenda.

Siku ya mazoezi muji yote ilishuka ku ziwa. Bakabakimbiza mu muchanga paka bengine banatapika. Kisha pompe, kulala kifudifudi na kujisukuma na mikono, kisha kupanda kamba. Alphonse alimaliza mbele ya bote; kamba yenyewe ilichoka, yeye hakuchoka. Lionel, mwenzake wa kipoyi, alikuwa nyuma yake anahema kama mbuzi ya mimba.

Ikabaki zoezi ya mwisho: kubeba mutu wa kuumia kutoka ziwa paka juu ya kilima nyuma ya misioni. Katikati, firimbi ikilia, unalaza mutu wako chini, unalala kifudifudi mbele yake, unalenga mikebe na bunduki haina risasi, kisha unamuinua tena. Kila mumoja alibeba mwenzake. Alphonse akabaki bila mutu. Komanda, mwanaume mufupi wa sauti ya pole, akaangalia kati ya bamama ba kuuzisha ndagala, bale samaki badogo ba ziwa, akanyoosha kidole. Kwangu. Na siku zile nilikuwa mutu, si hii mifupa munaona. Bakanipandisha ku mizani ya mihogo. Mushale ikazunguka, ikarudi kuchungulia kama nimeshuka.

"Mama Rosette, ukianguka ziwa itahama," Saumu mwenye kuuzisha ndagala akaniambia, na bamama bakacheka paka machozi.

Alphonse akanitia mugongoni kama mutoto. Hakuyumba. Tukabapita benzake bote, na mi kule juu ninapunga kitambaa kama bibi ya gavana. Riziki alikuwa pembeni ya njia, mikono ku kinywa.

Firimbi ikalia.

Bote balilaza batu bao. Alphonse akasimama. Akageuza kichwa huku na huku, kisha akanipeleka ku muti ya mapera yenye ilikuwa na panda, akaniketisha mule, miguu yangu inaninginia. Akarudi, akalala, akalenga mikebe muzuri sana. Batu balicheka. Mi pia nilicheka, mutu wa kuumia anakula mapera.

Komanda hakucheka. Akakuja chini ya muti.

"Huyu mama ameshakufa," alisema. "Umemupandisha juu, adui amemuona."

Simulaumu. Kwa kazi yake, ilikuwa kweli. Na hakuwa mutu mubaya, sababu aliongeza kwamba Alphonse ana nguvu kupita bale bote, na atamupa mara ya pili: amushushe mama, amulaze chini kidogo tu, amuinue, jina itaandikwa.

Alphonse akanitoa mu muti, akanishika mikononi. Akaangalia udongo chini ya miguu yake. Nikamusemea ku sikio:

"Baba, niweke. Mi siogopi udongo. Fikiria Riziki."

Akainama. Majani ilikuwa karibu kunigusa matako. Akabaki vile ameinama, jasho yake inaniangukia mu macho. Kisha akainuka.

"Henri balimuweka chini," alisema.

Komanda hakujua Henri ni nani. Akaita mwengine. Alphonse akanibeba paka juu ya kilima, hata kama hakuna mwenye alimuomba tena, akanisimamisha ku miguu yangu polepole.

Lionel alipita mazoezi.

Alphonse, basoda balimukamata wakati wa kuvuna maharagi, muchana, mbele ya batu. Bariere, kile kizuizi ya barabara ya kutoka muji, ilikuwa inachungwa na bale bapolisi bapya, na Lionel pale ndani ya nguo nyeusi. Nikamukimbilia, nikamuomba aseme neno moja tu, kwamba huyu ni mutu wao. Aliangalia viatu vyake.

"Mama, hayuko wa kwetu. Nikisema, na mi batanitoa."

Babebaji, bega ikiungua, bana neno moja: bega. Mwenzako akiisikia anapokea. Alphonse alifika ku bariere na sanduku ya risasi, akasimama mbele ya Lionel.

"Bega," alisema, bila ukali, kama vile banasemaka njiani.

Lionel akageuza macho ku ziwa. Alphonse akangoja kidogo, kisha akahamisha sanduku mwenyewe kutoka bega hii kwenda ile, akafuata mustari ya bale bengine balikamatwa. Riziki alifika na bugali mu sahani, na njia ilikuwa tupu. Tuliketi pale paka ikapoa.

Mutoto alizaliwa mwanaume. Jamaa balitaka aitwe Alphonse, kama vile banafanyaka mutu akipotea. Riziki alikatala. Alisema mwenye ile jina angali anaitumia.