Niliunyima Moyo wa Mdogo Wangu Sukari

Laiti ningekataa kuamua. Ningesema tu, "Daktari ndiye anajua." Lakini nilitaka kuonekana mkubwa, jamani, na kosa ni langu!

Ilikuwa wakati wa vita, hapa Butembo, mashariki ya Kongo. Mdogo wangu Kambale alikwenda Nairobi kununua vitenge, moyo ukamkamata hukohuko. Madaktari walimpasua haraka. Walichukua mshipa wa mguu wake wakaufanya njia mpya ya damu pale moyoni palipoziba. Dada yetu mdogo, Kavira, ndiye aliyekuwa naye.

Nikaitwa kwenye fonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali, kule mtaa wa Bulengera. Kila neno lilisikika na foleni nzima iliyongoja zamu. Habari za vita kutoka Beni, mji jirani, zilikuwa mbaya, na mwenye fonie alichungulia barabara kila mara akiogopa askari.

"Yaya," Kavira aliniita, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "moyo yake imechoka sana. Banataka kumuwekea serum ya sukari, ile maji ya kupitia mu mushipa, pamoja na insuline na potassium, juu moyo ipate nguvu. Nimebaambia baba alikufa na sukari, donc banangoja neno yako. À vous!" Yaani zamu yangu kusema.

"Sukari? Sukari njo iliua baba!"

"Mais duktere anasema insuline itaichunga. Ni chakula ya moyo, yaya!"

Nyuma yangu mtu akadakia: "Mzee, ule duktere anafikiri moyo ni kikombe ya chai?"

Foleni ikaangua kicheko. Ee, aibu! Mimi niliyesoma sekondari, nifundishwe na dada yangu mdogo mbele ya watu?

"Hapana! Basiweke. Mukubwa amesema."

Kisha sauti ya Kavira, ndogo sana: "Yaya, uniulize kwanza kama anapumua muzuri."

Sikuuliza. Nilimpisha aliyefuata.

Nilipoitwa tena, mwenye fonie hakunitazama usoni.

Ninyi wakubwa wa familia, nawasihi! Msiukatie shauri ugonjwa msioujua kwa kuogopa kicheko cha foleni. Ulizeni, hata mkichekwa!

Daktari hakuahidi kwamba serum ile ingemponya. Ilikuwa nafasi, na mimi ndiye niliyeikata. Kambale alikufa huko. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya mpakani, akazikwa bila mimi. Kavira alirudi, yuko hai, anakaa mtaa wa pili. Hajaniita yaya tena.