Ukungu Ndani ya Ghala

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ghala moja la kahawa hapa Moshi, ghala kubwa kiasi kwamba ukikohoa, kikohozi kinachelewa kukurudia. Mpiga picha alisimamisha kamera yake juu ya miguu mitatu.

"Humu mna giza, akina mama, nitaiacha kamera wazi dakika nzima. Atakayetikisika hataonekana."

Wachambuaji wa kahawa wakatazamana.

"Na kahawa itachambuliwa na nani, mwanangu?" akauliza mama mmoja mzee, akainamia ungo wake. Wenzake nao wakainama. Meneja peke yake alisimama katikati, mikono kifuani, hata kope hakupepesa. Vumbi likaelea polepole kwenye mwanga wa madirisha.

Jana picha ilitundikwa ofisini. Magunia yamefika darini, na meneja anaonekana mpaka vifungo vya shati. Pale walipokuwa akina mama pana ukungu mwepesi tu, kama ule unaoshuka mlimani asubuhi. Nasikia nakala inakwenda Dar es Salaam, wakubwa wakaone Moshi inavyochapa kazi.

Mama yule aliugusa ukungu kwa kidole. "Huyu ni mimi," akasema taratibu. Kisha akamgeukia meneja wa pichani.

"Pole, ndugu meneja. Kumbe kahawa yote hii umeichambua peke yako."