Picha Iliyokuwa Inapanda

Nilimletea baba televisheni bapa, akaikataa: mama ataweka wapi kitambaa chake cha kufuma na picha ya ndoa yao? Tukabaki na ile ya mbao, kubwa kama kabati, nami nikanunua sokoni kaboksi ka kugeuza picha ya dekoda mpya ili televisheni ya zamani iielewe. Ikaielewa kilevi. Picha ilipanda bila kupumzika, na ukanda mweusi ulimkata waziri katikati: viatu juu, kichwa chini, huku akituahidi barabara ya Kasomeno, ile tunayoahidiwa kila mwaka.

Hapo mtaani kwetu Bel-Air kila mtu ni fundi. Mjomba alizungusha antena ambayo haijaunganishwa na kitu tangu dekoda ije. Shangazi aliiombea. Kwa hasira nikageuza kaboksi: kaswichi ka nyuma kalikuwa kwenye picha sitini kwa sekunde, na televisheni yetu inajua hamsini tu. Nikakasukuma. Picha ikatulia tuli.

Waziri yuleyule, ahadi ileile, kichwa sasa mahali pake. Baba akamtazama, akaguna.

“Mutoto, rudisha vile ilikuwa. Kwa ile barabara yote, ni ile picha tu njo ilikuwa inatembea.”